Kiingereza cha mambo ya jana: namna ya kusimulia yaliyopita bila kujikwaa

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekulia Ifakara anaijua Vita ya Maji Maji kabla hajafungua kitabu. Amesikia nyumbani jinsi watu wa Mahenge na wa bonde hili walivyoinuka dhidi ya Wajerumani mwaka 1905, na jinsi njaa ilivyofuata. Siku ya mtihani wa Historia anaulizwa kwa Kiingereza: kwa nini watu walipigana? Jibu analo kichwani. Kalamu yake inaandika hivi:

“People was fight because Germans was force them to grow cotton.”

Mwalimu wake anaelewa alichotaka kusema. Lakini msahihishaji wa mtihani wa taifa hamjui, na sentensi za namna hii zikirundikana ukurasa mzima, maelezo mazuri hugeuka fumbo. Alipaswa kuandika:

“People fought because the Germans forced them to grow cotton.”

Sentensi zote mbili zinaeleza jambo lile lile, kwamba watu walipigana kwa sababu Wajerumani waliwalazimisha kulima pamba. Kilichozitenganisha ni sarufi, na tena ni sehemu moja tu ya sarufi: namna Kiingereza kinavyosema jambo lililokwisha kutokea. Shuleni huitwa “simple past”. Katika makala haya tutaiita wakati uliopita.

Tangu mwaka 1967 shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto anavuka daraja hilo kwa ghafla. Somo zima la Historia husimuliwa kwa wakati uliopita. Ripoti ya jaribio la maabara huandikwa kwa wakati uliopita. Barua ya kuomba kazi hueleza ulifanya nini na wapi. Hata kijana anayetaka kuongoza watalii katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ataulizwa na wageni: zamani palikuwaje hapa? Kwa hiyo somo hili ni la mwanafunzi, na pia ni la mzazi na la kijana aliyemaliza shule siku nyingi.

Habari njema ni kwamba nusu ya kanuni zake tayari unazijua. Umezijua tangu ulipoanza kuongea Kiswahili.

Gunia moja, pikipiki moja

Katika Kiswahili, alama ya wakati uliopita ni “-li-”. Tunaipachika katikati ya neno: nilifika, ulifika, alifika, tulifika.

Sasa tazama tunapokanusha. Nilifika inakuwa sikufika. Alifika inakuwa hakufika. Ile “-li-” imeondoka kabisa na mahali pake imeingia “-ku-”. Hakuna mtu anayesema “sikulifika”. Sikio lake litakataa. Alama ya wakati imekwisha kubebwa na “-ku-”, haina haja ya kubebwa tena.

Kiingereza hufanya vivyo hivyo. “I arrived” maana yake nilifika. Ukikanusha, linaingia neno “did”, nalo ndilo linaloubeba wakati uliopita. Kitenzi kinatua mzigo na kurudi katika umbo lake la kawaida: “I did not arrive”. Ukisema “I did not arrived” ni sawasawa na kusema “sikulifika”.

Shika picha hii: gunia moja la mpunga halipakiwi kwenye pikipiki mbili kwa wakati mmoja. Katika sentensi ya Kiingereza, ama kitenzi ndicho kilichobeba wakati uliopita, ama “did” ndiyo iliyobeba. Haviwezi kubeba vyote viwili. Makosa mengi ya wanafunzi wetu hutokana na kusahau jambo hili.

Kuna unafuu mwingine. Katika Kiswahili mwanzo wa neno hubadilika kufuata mtenda: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Katika Kiingereza, kitenzi cha wakati uliopita hakibadiliki kwa mtu yeyote: “I planted, you planted, she planted, we planted, they planted.” Ile “s” inayosumbua katika “she plants” hapa haipo. Neno moja tu lina maumbo mawili, nalo ni “was” na “were”, tutakaloliona mbele.

Vitenzi vitiifu

Vitenzi vingi vya Kiingereza ni vitiifu. Unaviongezea “-ed” mwishoni, kazi imekwisha.

Plant (panda mbegu): planted
Harvest (vuna): harvested
Cook (pika): cooked
Wash (fua, osha): washed
Work (fanya kazi): worked
Start (anza): started

Katika kuandika kuna mambo matatu ya kuangalia:

1. Kitenzi kikiishia na “e”, ongeza “d” peke yake. Live (ishi) inakuwa lived. Arrive inakuwa arrived.

2. Kikiishia na “y” iliyotanguliwa na konsonanti, “y” inageuka “i”. Carry (beba) inakuwa carried. Try (jaribu) inakuwa tried. Lakini play (cheza) inakuwa played, kwa sababu kabla ya “y” kuna irabu.

3. Vitenzi vifupi vyenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni hurudufu konsonanti hiyo. Stop (simama) inakuwa stopped. Plan (panga) inakuwa planned.

Matamshi ndiyo yanayowachanganya wengi, kwa kuwa “-ed” hutamkwa kwa namna tatu. Baada ya sauti nyepesi kama p, k, s, sh, ch na f, husikika kama “t”: cooked ni “kukt”, washed ni “wosht”. Baada ya irabu na sauti nzito kama b, g, v, l, m na n, husikika kama “d”: played ni “pleid”, lived ni “livd”. Baada ya “t” au “d” ndipo inapotamkwa silabi nzima, “id”: planted ni “plantid”, started ni “statid”.

Kwa kuwa maneno ya Kiswahili huishia na irabu, ulimi wetu hupenda kuongeza irabu mwishoni: “kukedi”, “woshedi”. Jizoeze kulikata neno mwishoni. Sema “kukt”, kisha funga mdomo.

Vitenzi vikaidi

Kuna vitenzi vingine havikubali “-ed”. Go (enda) haiwi “goed”, inakuwa went. Buy (nunua) haiwi “buyed”, inakuwa bought. Hivi ni vikaidi, na kwa bahati mbaya ndivyo vinavyotumika sana kila siku: kula, kunywa, kwenda, kuja, kuona, kusema, kununua, kuuza.

Kwa nini ni hivyo? Kiingereza kilitokana na lugha za makabila yaliyovuka bahari kutoka kaskazini mwa Ulaya na kuingia Uingereza, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Katika lugha zile, vitenzi vingi vilionyesha wakati uliopita kwa kubadilisha irabu ya ndani. Baadaye “-ed” ilienea ikavifunika vingi. Help (saidia) ni helped siku hizi, lakini zamani ilikuwa holp. Vilivyokataa kubadilika ni vile vilivyokuwa midomoni mwa watu kutwa kucha. Hiyo went yenyewe iliazimwa kutoka kitenzi kingine, wend, ambacho siku hizi ni nadra kukisikia.

Kiswahili nacho kina ukaidi wake. Ukimwamuru mtu apike unasema “pika!”, asome unasema “soma!”. Lakini akitakiwa aje husemi “kuja!”, unasema “njoo!”. Mgeni akikuuliza kwa nini, utamjibu kwamba ndivyo tunavyosema. Mwingereza atakujibu hivyo hivyo kuhusu went.

Usivikariri vitenzi vikaidi kwa mpangilio wa alfabeti. Vipange kwa familia, maana vingi vina ndugu zake.

Familia ya “-ought” na “-aught”, ambazo zote hutamkwa “-ot”:
Buy (nunua): bought
Bring (leta): brought
Think (fikiri): thought
Fight (pigana): fought
Teach (fundisha): taught
Catch (kamata, vua samaki): caught

Familia ya “d” inayogeuka “t”:
Send (tuma): sent
Spend (tumia fedha): spent
Lend (kopesha, azimisha): lent
Build (jenga): built

Familia inayofupisha irabu na kuishia na “t”:
Sleep (lala): slept
Keep (tunza): kept
Sweep (fagia): swept
Leave (ondoka): left
Meet (kutana): met

Familia ya “i” inayogeuka “a”:
Drink (kunywa): drank
Swim (ogelea): swam
Sing (imba): sang
Begin (anza): began

Familia ya “-ew”:
Grow (ota, otesha): grew
Know (jua): knew
Throw (tupa): threw
Fly (ruka angani): flew

Familia ya “o”:
Sell (uza): sold
Tell (ambia): told
Speak (ongea): spoke
Write (andika): wrote
Drive (endesha gari): drove
Break (vunja): broke

Familia isiyobadilika kabisa:
Cut (kata): cut
Put (weka): put
Hit (piga, gonga): hit
Cost (gharimu): cost

Read (soma) nayo haibadiliki katika maandishi, lakini matamshi hubadilika. Ya sasa ni “rid”, ya jana ni “red”.

Na hawa ni wasio na familia, utawajua mmoja mmoja:
Go (enda): went
Come (ja): came
Eat (kula): ate
See (ona): saw
Say (sema): said, hutamkwa “sed”
Do (fanya): did
Have (kuwa na): had
Give (toa, pa): gave
Take (chukua): took
Get (pata): got
Make (tengeneza): made
Dig (chimba): dug

Ukivishika vilivyotajwa hapa, utaweza kusimulia sehemu kubwa ya mambo ya siku yako.

“Was” si tafsiri ya “-li-”

Turudi kwa mwanafunzi wetu wa mwanzo. Kwa nini aliandika “people was fight”? Kwa sababu alidhani “was” ndiyo “-li-” ya Kiingereza. Aliona “walipigana”, akaitoa “-li-”, akaweka “was”, kisha akaongeza “fight”. Hili ndilo kosa linaloongoza.

“Was” na “were” maana yake ni alikuwa, ilikuwa, walikuwa. Vina kazi yake. “Was” huenda na mtu mmoja au kitu kimoja: “I was sick” (nilikuwa mgonjwa), “the river was full” (mto ulikuwa umejaa). “Were” huenda na wengi na pia na “you”: “we were tired” (tulikuwa tumechoka), “you were late” (ulikuwa umechelewa).

Baada ya “was” au “were” usiweke kitenzi kikavu kama fight, go au eat. Ukitaka kusema jambo lilikuwa likiendelea, kitenzi huongezewa “-ing”: “people were fighting” ni watu walikuwa wakipigana. Ukitaka kusema jambo lilifanyika likaisha, achana na “was” kabisa: “people fought”, watu walipigana.

Jambo lingine: “was” na “were” havihitaji “did”. Vina nguvu ya kujikanusha vyenyewe. “I was not at home” (sikuwa nyumbani). “Were you at the market?” (Ulikuwa sokoni?)

Kukanusha na kuuliza

Kwa vitenzi vingine vyote, “did” ndiye mbebaji.

I sold the rice. (Niliuza mchele.)
I did not sell the rice. (Sikuuza mchele.)
Did you sell the rice? (Je, uliuza mchele?)

Angalia: sold imerudi kuwa sell mara tu “did” ilipoingia.

Maneno ya kuulizia hutangulia “did”:

When did you arrive? (Ulifika lini?)
Where did you go? (Ulikwenda wapi?)
What did you buy? (Ulinunua nini?)
Why did they fight? (Kwa nini walipigana?)

Katika Kiswahili neno la kuulizia mara nyingi hukaa mwishoni: ulifika lini, ulikwenda wapi. Katika Kiingereza lilete mbele.

Isipokuwa hapa: unapouliza nani alifanya jambo, “did” haihitajiki. “Who planted this field?” (Nani alipanda shamba hili?) Kwa kuwa “did” haipo, kitenzi kinabeba wakati chenyewe.

Ndiyo inayoweza kukuponza

Huu ni mtego unaohusu hata afya yako. Ifakara ina taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana duniani. Mizizi yake ni maabara iliyoanzishwa miaka ya 1950 na mwanasayansi Rudolf Geigy kutoka Uswisi. Wageni wa taaluma mbalimbali huja hapa, na si wote wanaojua Kiswahili.

Tuseme hukumeza dawa jana. Ukiulizwa kwa Kiswahili, “Hukumeza dawa?”, unajibu, “Ndiyo, sikumeza.” Ndiyo yako inakubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza hakifanyi hivyo. Ukiulizwa “Didn't you take the medicine?” ukajibu “Yes”, mgeni ataandika kwamba ulimeza. Katika Kiingereza, “yes” huenda na jambo lililofanyika na “no” huenda na jambo ambalo halikufanyika, hata swali liwe limeulizwa vipi.

Kwa hiyo jibu ni: “No, I did not.” Na kama ulimeza: “Yes, I did.” Usiishie kwenye “yes” au “no” peke yake. Ongeza “I did” au “I did not”, na hapo hakuna atakayekuelewa vibaya.

“-me-” na “-ka-”

Katika mazungumzo tunasema, “Jana nimekwenda Kidatu.” Kiswahili cha mtaani kinaruhusu. Kiingereza hakiruhusu. Umbo linalokaribiana na “-me-” ni “have”: “I have eaten” (nimekula). Ukitaja siku au saa iliyokwisha pita, kama jana, juzi, au mwaka 2018, “have” inaondoka na wakati uliopita unaingia: “Yesterday I went to Kidatu.” Usiseme “Yesterday I have gone.”

Tena, kuna “-me-” ambazo hazisemi habari za jana kabisa. “Nimechoka” ni hali niliyo nayo sasa: “I am tired.” “Mtoto amelala” ni “the child is sleeping.” Kabla ya kutafsiri, jiulize: ninaeleza hali ya sasa au jambo lililokwisha?

Kisha kuna “-ka-” ya masimulizi: “Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani.” Baada ya “-li-” ya kwanza, “-ka-” inaendeleza hadithi. Kiingereza hakina “-ka-”. Kila kitenzi lazima kibebe wakati wake: “I went to the market, bought fish and came home.” Wengi huanza vizuri na went, kisha husahau na kuandika “buy” na “come”. Kila unapoona “-ka-” kichwani mwako, weka umbo la jana.

Siku na saa

Wakati uliopita huambatana na maneno yanayotaja lini:

Jana: yesterday
Jana usiku: last night
Juzi: the day before yesterday
Wiki iliyopita: last week
Mwaka jana: last year
Mwaka juzi: the year before last
Siku tatu zilizopita: three days ago

Neno “ago” hukaa mwishoni, baada ya hesabu. “The fever started three days ago” (homa ilianza siku tatu zilizopita).

Na usisahau saa. Saa mbili asubuhi kwetu ni “eight in the morning”. Zinatofautiana kwa saa sita. Ukisema “I arrived at two” ukimaanisha saa mbili asubuhi, mwenzako ataelewa ulifika saa nane.

Soma habari hii

Hapa chini ni habari fupi ya reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, inayopita katika bonde letu. Isome polepole, kwa sauti.

“In 1970, workers began to build a railway from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi in Zambia. China lent the money and sent engineers. Thousands of Tanzanians and Zambians worked with them. They cut trees, dug tunnels and built bridges. The line crossed the Kilombero valley, so Ifakara got a station. The work was not easy, and some workers died. The rails reached Kapiri Mposhi in 1975.”

Maana yake: Mwaka 1970 wafanyakazi walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. China ilikopesha fedha na kutuma wahandisi. Maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi pamoja nao. Walikata miti, wakachimba mahandaki na kujenga madaraja. Njia ilikatiza bonde la Kilombero, hivyo Ifakara ikapata stesheni. Kazi haikuwa rahisi, na baadhi ya wafanyakazi walifariki. Reli ilifika Kapiri Mposhi mwaka 1975.

Vitenzi vilivyobeba wakati uliopita ni 12. Vitiifu ni vinne: worked, crossed, died, reached. Vikaidi ni vinane: began, lent, sent, cut, dug, built, got, was. Tazama pia “began to build”. Baada ya “to” kitenzi hakibadiliki, kwa sababu began imekwisha kubeba mzigo. Ni gunia lile lile na pikipiki ile ile.

Jinsi ya kujifunza kwa simu uliyo nayo

Huhitaji simu kubwa wala kifurushi cha intaneti kwa haya.

Chagua vitenzi vitano kila wiki, visizidi. Baada ya wiki kumi utakuwa na 50. Viandike kwenye daftari, au ujitumie ujumbe mfupi, kitenzi cha leo na cha jana pamoja: “sell, sold”.

Kila jioni sema sentensi tatu za ukweli kuhusu siku yako. “I woke up at six. I weeded the rice field. I did not rest.” Niliamka saa kumi na mbili, nilipalilia mpunga, sikupumzika. Sentensi ya ukweli hukaa kichwani kuliko ya kitabuni. Kama simu yako inarekodi sauti, jirekodi, kisha sikiliza kama miisho ya maneno inasikika.

Ukisikiliza taarifa ya habari ya Kiingereza redioni, usijaribu kuelewa kila neno. Wewe winda vitenzi tu: said, met, opened, died, won. Hesabu umevinasa vingapi.

Mzazi usiyejua Kiingereza, nawe una kazi yako. Mwulize mtoto kwa Kiswahili, “Leo ulifanya nini shuleni?” naye ajibu kwa Kiingereza kisha akufasirie. Atalazimika kutumia wakati uliopita kila siku, na wewe utajua anaendeleaje.

Jipime

Geuza sentensi hizi kwa Kiingereza kabla ya kutazama majibu.

1. Mwaka jana tulivuna mpunga.
2. Sikuona pikipiki.
3. Ulinunua samaki wapi?
4. Alikwenda hospitali, akapata dawa, akalala.
5. Walikuwa shambani jana.
6. Homa ilianza lini?

Majibu:

1. Last year we harvested rice.
2. I did not see the motorcycle.
3. Where did you buy the fish?
4. She went to the hospital, got medicine and slept. (Kwa mwanaume, anza na “He”.)
5. They were in the field yesterday.
6. When did the fever start?

Kama ulikosea la pili kwa kuandika “did not saw”, au la nne kwa kuandika “get” na “sleep”, rudi juu usome tena habari ya gunia na habari ya “-ka-”. Kisha jaribu tena kesho jioni, kwa mambo yako mwenyewe ya siku hiyo.